Kulenga Shabaha kwa .22 Mombasa Wakati Risasi Hazipatikani: Mwongozo kwa Anayeanza

Wanaoanza mchezo huu hapa Mombasa huuliza maswali yale yale. Risasi za .22, yaani zile ndogo za kipenyo cha takriban inchi 0.22, zapatikana wapi? Mbona bei haishuki? Na je, mtu mwenye boksi moja tu anaweza kujifunza kulenga, au angoje mpaka awe na akiba kubwa? Nimeyajibu kwa mdomo mara nyingi mno, tena kwa haraka, watu wakiwa wanafunga virago uwanjani. Hapa nayajibu kwa utulivu.

Jibu la swali la mwisho ni ndiyo, anaweza. Anayefyatua risasi 30 akijua kila moja aliitaka imwambie nini hujifunza kuliko anayemaliza 200 kwa kufurahia mlio. Mwongozo wote huu umejengwa juu ya hilo.

Kuhusu uhaba, elewa jambo moja. Risasi ya .22 Long Rifle, iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1887, ni ya aina ya rimfaya: dawa inayowasha baruti imepakwa ndani ya ukingo wa ganda, na pini ya bunduki huuponda ukingo huo. Ganda likishapigwa limekwisha kazi. Huwezi kulijaza upya kama wanavyofanya wenye leseni ya kujaza kwa risasi za kiini cha kati, zile ambazo dawa ya kuwashia iko katikati ya kitako cha ganda. Kwa hivyo kila risasi utakayotumia ni lazima iwe imetoka kiwandani, imevuka bahari, imepitia vibali na kumfikia muuzaji mwenye leseni. Wamarekani wakianza kununua kwa hofu, kama ilivyotokea mwaka 2013 na tena mwaka 2020, viwanda huelemewa na sisi wa huku tunabaki na rafu tupu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Cheti cha kumiliki silaha, au nafasi ya kufundishwa na klabu inayotambuliwa kisheria. Bila kimojawapo, komea hapa kwanza.
- Bunduki ya .22 ya komeo, ile ambayo baada ya kila risasi unavuta kishikio kwa mkono.
- Risasi za mwendo wa kawaida, hata kama ni boksi moja la 50.
- Risasi bandia za .22, zisizo na baruti, tano au sita.
- Miwani ya kukinga macho na vizibo vya masikio.
- Daftari na penseli. Wino huvuja ukitota jasho.
- Karatasi za shabaha, gundi ya karatasi, rula ya milimita.
- Mafuta ya bunduki, kamba au ufito wa kusafishia mtutu, vitambaa vya pamba.
- Sanduku la chuma lenye kufuli, na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu.

Orodha haina darubini ya bei. Vilengeo vya chuma, hasa vya tundu, vinatosha kujifunzia.

Hatua ya 1: Anza na sheria na klabu

Kenya inaongozwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na anayetoa vyeti ni Bodi ya Leseni za Silaha. Cheti chako hutaja bunduki gani unaruhusiwa, na hutaja pia idadi ya risasi unazoruhusiwa kununua na kuwa nazo kwa wakati mmoja. Hilo la pili wengi hawalisomi. Mtu akisikia shehena imefika, hukimbilia kununua alizojaliwa pesa yake, kumbe amevuka idadi iliyoandikwa. Toa cheti, soma idadi, hesabu ulizo nazo, ndipo uende dukani.

Usianze kwa kununua bunduki. Anza kwa kutafuta watu. Hapa Pwani ipo Bamburi Rifle Club, na katika klabu yoyote utakuta msimamizi wa uwanja, wazee wa mchezo, na watu wanaojua ni muuzaji gani amepokea mzigo. Nenda kama mgeni, keti, tazama, uliza kwa adabu. Mtu aliyejulikana kwa nidhamu husaidiwa upesi.

Onyo: risasi unayouziwa kichochoroni "kwa bei ya ndugu" usiiguse. Ni kosa la jinai, na hujui ilihifadhiwa wapi. Vivyo hivyo usiazimane risasi na jirani nje ya utaratibu wa klabu.

Hatua ya 2: Shika kanuni nne mpaka ziwe tabia

Kila bunduki ichukuliwe kuwa ina risasi. Mdomo wa mtutu usielekee kitu usichotaka kukiharibu. Kidole kikae nje ya kifyatuo mpaka vilengeo viwe juu ya shabaha. Na ujue kilichopo nyuma ya shabaha.

Ile ya nne ndiyo watu wa .22 huidharau kwa sababu risasi ni ndogo na mlio ni mdogo. Risasi hiyo ndogo, ikirushwa juu, huenda zaidi ya kilomita moja na nusu. Kwa hiyo hakuna kupiga kopo shambani kwa mjomba kule Kikambala wala kwenye machimbo yaliyoachwa. Piga penye tuta la kuzuia risasi, chini ya msimamizi, basi.

Hatua ya 3: Chagua bunduki isiyokula risasi

Bunduki inayojijaza yenyewe inavutia, lakini kwa anayeanza wakati wa uhaba ni mfuko uliotoboka. Kidole huzoea kufuatisha risasi kwa risasi, na magazini (kasha la risasi la bunduki) huisha kabla akili haijauliza ile ya kwanza ilikwenda wapi. Tena nyingi huchagua chakula: risasi ya mwendo wa kawaida haina nguvu ya kuisukuma mitambo yake vizuri, hivyo hukwama. Ya komeo hula karibu kila kitu, na ule muda wa kuvuta kishikio ndio muda wa kufikiri.

Ukitaka kupunguza gharama zaidi, ipo bunduki ya upepo ya milimita 4.5 inayopigwa mita 10. Mafunzo yake ni yale yale, na kwenye mashindano ya kimataifa doa la alama 10 ni nusu milimita tu, kwa hiyo asikuambie mtu kuwa ni mchezo wa watoto. Ila usidhani kuwa kwa sababu ni ya upepo haihitaji kibali. Uliza Bodi kwanza, kabla ya kununua au kuagiza kutoka nje.

Hatua ya 4: Nunua risasi kwa akili

Boksi la .22 huwa na risasi 50 na tofali huwa na 500. Bei igawe kwa risasi moja kila mara, maana mafurushi hayalingani.

Chukua za mwendo wa kawaida, zinazotoka mtutuni kwa takriban mita 325 kwa sekunde, yaani chini ya mwendo wa sauti. Zile za mwendo mkali, kama mita 380 kwa sekunde, husifiwa sana dukani. Kwa karatasi ya mita 50 hazikusaidii. Huanza juu ya mwendo wa sauti kisha hushuka, na mtikisiko wa kushuka huko huzitawanya. Na jambo linaloshangaza wengi: upepo wa ubavuni huzisogeza zaidi kuliko za mwendo wa kawaida.

Ukiweza kuchagua, nunua boksi mbili za majina tofauti, Eley na CCI kwa mfano, upige makundi mawili ya risasi tano kwa kila moja ukiwa umeegemeza bunduki. Mtutu wako utapendelea moja. Huo ni ukweli wa kila bunduki ya .22, na bei haitabiri. Ukishajua, tazama nambari ya fungu la kiwandani, yaani la risasi zilizotengenezwa pamoja, iliyopigwa muhuri kwenye boksi, na utafute boksi nyingine zenye nambari hiyo hiyo. Ukichanganya mafungu, kila safari itabidi urekebishe vilengeo upya, na marekebisho hayo yatakula risasi ulizokuwa unaziwekea akiba.

Onyo la joto letu: usiache risasi ndani ya gari lililoegeshwa juani. Risasi ya .22 imepakwa nta au mafuta kwa nje. Ikiyeyuka hushika mchanga, na mchanga ule utaingia mtutuni.

Hatua ya 5: Fanya mazoezi makavu nyumbani

Hapa ndipo pa kutia juhudi. Kulenga na kufyatua bila risasi ndiyo shule ya wapigaji wakubwa wa Olimpiki, na haigharimu kitu. Kusimama, kupumua, kutulia, kuminya kifyatuo bila kutikisa, na kubaki umetulia baada ya kubofya: yote haya hujengwa sebuleni. Uwanjani unakwenda kuhakikisha tu.

Kwanza usalama wa nyumba. Nyumba zetu zimebanana, watoto wa jirani huingia bila kubisha, na dirisha la chini hutazama uchochoro. Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

1. Funga mlango kwa ufunguo na ushushe pazia, asiyejua asikuone umeshika bunduki akapiga yowe.
2. Risasi zote ziwe chumba kingine, zimefungiwa.
3. Fungua komeo, angalia chemba (tundu la nyuma ya mtutu risasi inamokaa) kwa macho, kisha iguse kwa kidole. Angalia magazini. Rudia.
4. Shabaha iwe kwenye ukuta mzito wa mawe ambao hakuna chumba cha mtu nyuma yake.
5. Ukimaliza, sema kwa sauti "mazoezi yamekwisha", bandua shabaha, funga bunduki sandukuni. Usirudie "moja ya mwisho". Ajali nyingi za mazoezi makavu hutokea kwenye hiyo moja ya mwisho, mtu ameshapakia tayari kwa safari na kusahau.

Soma kitabu cha bunduki yako kabla ya kubofya chemba ikiwa tupu. Katika bunduki nyingi za rimfaya pini hupiga ukingo wa chemba na kuutia kovu, na kovu likikua maganda hayatatoka. Tumia risasi bandia na uzibadilishe zikichakaa. Ganda lililokwishatumika nalo husaidia kwa muda, ukiligeuza kidogo kila mara ili pini ipate ukingo mzima.

Sasa shabaha. Doa jeusi la karatasi ya mita 50 ya kimataifa lina kipenyo cha milimita 112.4. Ukisimama mita 5 kutoka ukutani, chora doa la milimita 11, na jicho lako litaliona kwa ukubwa ule ule. Kwa mwenye darubini, nyingi haziwezi kuona wazi umbali mfupi hivyo. Tumia vilengeo vya chuma au ukubali ukungu.

Dakika 20, mara tatu kwa wiki. Kaa katika mkao wako, fumba macho, pumua mara mbili, fumbua. Vilengeo viko wapi? Vikiwa kando ya doa, usivivute kwa misuli ya mikono. Sogeza mwili mzima, nyonga au miguu, mpaka macho yakifumbuka vilengeo viko penyewe. Hilo peke yake litakuokolea risasi nyingi kuliko kifaa chochote cha dukani. Kisha toa pumzi nusu, minya kwa sekunde tatu hadi tano, na baada ya mbofyo hesabu "moja, mbili" ukiwa hujatikisika. Kama vilengeo viliruka wakati wa mbofyo, umejifunza jambo bila kutumia hata senti.

Hatua ya 6: Nenda uwanjani na bajeti ya risasi

Njiani: bunduki ndani ya mkoba uliofungwa, bila risasi, risasi kwenye kasha lake mbali nayo, cheti mfukoni. Kama unatoka Likoni na utavuka kwa feri, kuna ukaguzi wa usalama. Mwendee askari mwenyewe, msalimie, mweleze ulichobeba na umwonyeshe cheti kabla mkoba haujafunguliwa.

Nenda asubuhi. Upepo ungali mdogo na macho hayajachomwa na mwanga.

Hesabu risasi 30 nyumbani na uache zingine. Zigawe hivi:

- 5 za kwanza ni za kuupasha mtutu. Mtutu uliopakwa mafuta hutupa risasi za mwanzo pembeni. Piga kwenye kona ya karatasi, usizitie kwenye alama.
- 15 ni makundi matatu ya tano tano, kila kundi na doa lake.
- 5 ni za mchanganyiko: mwombe mwenzako akupakie, mara risasi ya kweli, mara bandia, bila kukuambia. Bandia ikibofya na mtutu ukainama, hapo ndipo tatizo lako lilipo. Hakuna mwalimu mkweli kuliko huyu.
- 5 za mwisho ni mtihani. Piga moja moja, kila moja kwenye doa lake, ukiandika kabla ya kutazama unadhani imeingia wapi.

Kati ya risasi na risasi shusha bunduki, pumua. Risasi 30 zikikuchukua saa nzima ni sawa kabisa.

Kama uwanja una nafasi ya mita 25, chapisha shabaha ya nusu ukubwa. Utaona kosa lako vizuri na upepo hautakudanganya.

Hatua ya 7: Sahihisha vilengeo kwa kundi, kamwe si kwa risasi moja

Hili ndilo kosa linalomaliza risasi za wanaoanza. Mtu anapiga moja, inaangukia kushoto, anazungusha kulia. Inayofuata iko kulia, anazungusha kushoto. Boksi linaisha na bunduki iko pale pale. Piga tano bila kugusa chochote. Tafuta kitovu cha kundi, pima kwa rula umbali wake kutoka katikati ya doa, ndipo uzungushe.

Kwa darubini ya robo dakika (dakika ya pembe, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii), kliki moja ya kizungushio husogeza takriban milimita 3.6 ukiwa mita 50, na milimita 1.8 ukiwa mita 25. Kundi likiwa chini kwa milimita 36 katika mita 50, ni kliki 10 kwenda juu. Piga tano nyingine kuthibitisha. Risasi 10 zimetosha.

Hatua ya 8: Usishindane na upepo

Sisi watu wa Mombasa tunajua kaskazi na kusi, na mpigaji ni lazima azijue vilivyo. Upepo wa kilomita 16 kwa saa ukipiga ubavuni husogeza risasi ya .22 zaidi ya sentimita mbili katika mita 50, na doa la alama 10 lina kipenyo cha milimita 10.4 tu. Funga utepe mwepesi kwenye kijiti, uusimike katikati ya njia. Chagua hali moja, kwa mfano utepe umeinuka nusu kwenda kushoto, na upige hali hiyo tu. Ikibadilika, ngoja. Kungoja hakuna bei.

Hatua ya 9: Andika

Tarehe, jina la risasi na nambari ya fungu, umbali, upepo, ukubwa wa kila kundi kwa milimita, na risasi zilizobaki nyumbani. Bandika karatasi yenyewe daftarini. Ukipitia kurasa kabla ya safari inayofuata utajua hizo 30 zijazo zinakwenda kuuliza nini. Usipojua, bakia nyumbani ufanye mazoezi makavu.

Hatua ya 10: Linda chuma dhidi ya chumvi

Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na bunduki iliyowekwa kavu huota kutu haraka. Ukirudi, futa chuma chote cha nje kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, hasa mahali mikono ya jasho iliposhika. Mkoba wa safari si wa kuhifadhia. Sifongo yake hunyonya unyevu na kuubana kwenye chuma. Silika ziwe sandukuni, nazo zikishajaa unyevu zikaushwe au zibadilishwe. Wakati wa masika kagua kila wiki.

Mtutu wenyewe usiusugue kila mara. Risasi ya .22 huacha tabaka jembamba la nta na madini ya risasi (ledi) ambalo mtutu hulihitaji ili kutulia. Kitambaa kimoja chenye mafuta kinatosha kwa kuhifadhi, na kingine kikavu kabla ya kupiga. Chemba ndiyo isafishwe daima.

Osha mikono kwa sabuni kabla ya kula chochote. Madini hayo ya risasi ni sumu, na watoto nyumbani ndio huumia zaidi.

Mambo yakienda kombo

Umefyatua, hakuna mlio. Usifungue komeo. Elekeza mtutu kwenye tuta na uhesabu sekunde 30 kamili, maana baruti inaweza kuchelewa kuwaka. Kisha fungua taratibu, uso ukiwa kando. Risasi za rimfaya hufeli mara kwa mara pale dawa ilipokosekana kwenye sehemu ya ukingo. Mkabidhi msimamizi, usiirudishe mfukoni wala kuitupa kwenye pipa la taka. Zikifeli nyingi, kagua pini kama imechakaa au chemba kama ina uchafu.

Mlio umekuwa mdogo ajabu, na karatasi haina tundu. Simama hapo hapo. Huenda risasi imekwama ndani ya mtutu. Ukipiga nyingine nyuma yake mtutu unaweza kupasuka. Ondoa risasi zote na umpe fundi.

Ganda halitoki. Safisha chemba kwanza. Likiendelea, tazama kama ukingo wa chemba una kovu la pini. Usichokoe kwa kisu.

Makundi yametawanyika juu na chini. Mara nyingi ni pumzi: unafyatua kifua kikiwa katika hali tofauti kila mara. Yakitawanyika kushoto na kulia, tazama upepo, kisha kama unaiinamisha bunduki upande. Yakitawanyika kila upande, kaza skrubu za kitako na za vilengeo kabla ya kuilaumu risasi.

Mazoezi makavu yako safi, lakini uwanjani risasi zinakwenda ovyo. Unashtuka kwa mlio. Ziba masikio vizuri zaidi, vizibo vya ndani pamoja na vya nje, na safari inayofuata geuza yale makundi matatu yote yawe ya mchanganyiko na bandia.

Risasi zimekwisha kabisa na muuzaji hana tarehe. Endelea na dakika zako 20, nenda uwanjani hata kama ni kuwapakia wenzako bandia na kuwaandikia matokeo, na umwachie muuzaji jina lako pamoja na nambari ya fungu unalolitafuta. Mzigo ukifika, atakayepigiwa simu mapema ni yule aliyesema hasa anataka nini.